Skuli ikifungwa kwa maradhi: mwalimu aondolewe nini kabla ya kuongezewa kazi mpya

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu mkuu wa skuli ya msingi katika Wilaya ya Wete, Pemba, na huu ni mwaka wangu wa pili katika nafasi hii. Ninaandaa mpango wa skuli endapo itafungwa tena kwa sababu ya maradhi ya mlipuko. Mwaka 2020 nilikuwa mwalimu wa darasa. Mkuu wetu wa wakati huo alifungua kundi la WhatsApp na kutuagiza tutume kazi za wanafunzi kila siku, lakini baada ya wiki mbili walimu wanne tu kati ya 22 ndio waliokuwa wakituma. Wakongwe walinyamaza kabisa. Nifanye nini yasijirudie hayo, na je, barua ya onyo kwa asiyetekeleza inafaa?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwalimu mwenzangu. Katika maelezo yako neno lililonishika ni hilo la kwamba wakongwe "walinyamaza". Mwalimu anayepinga jambo kwa maneno amekupa pa kuanzia, kwa sababu hoja yake unaijua na unaweza kuijibu. Anayenyamaza ameshajitoa, na kwa niliyoyaona katika miaka yangu ya kuongoza skuli, mara nyingi hujitoa kwa kuona haya na si kwa ukaidi. Mtu aliyesimama mbele ya ubao kwa miaka 25, anayejulikana mtaa mzima kwa ufundishaji wake, anaambiwa usiku mmoja kwamba kuanzia kesho atafundisha kwa chombo ambacho mjukuu wake anakijua kuliko yeye, tena mbele ya wenzake wote walio katika kundi lile. Hapo kunyamaza ndiko kunakomlinda.

Jambo hili limechunguzwa muda mrefu. Mwaka 1969 Frances Fuller, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Texas nchini Marekani, alieleza kuwa wasiwasi wa mwalimu huwa na mpangilio: kwanza hujifikiria mwenyewe, kisha huifikiria kazi na namna ya kuimudu, na mwisho ndipo huwafikiria wanafunzi na wanachokipata. Katika miaka ya 1970 Gene Hall na wenzake katika chuo hicho hicho waliutumia mpangilio huo kufuatilia namna walimu wanavyoyapokea mabadiliko. Kwa kazi yako maana yake ni nyepesi: ukiwahutubia walimu kuhusu haki ya mtoto kujifunza ilhali wao bado wanajiuliza "mimi nitaonekanaje?", hutasikika, hata kama kila neno lako ni la kweli.

Kosa nililolifanya mimi mwenyewe mwaka 2020, na ambalo ningependa lisiingie katika mpango wako, lilikuwa la kuongeza kazi bila ya kuondoa yoyote. Niliwataka walimu warekodi sauti, watume maswali, wawapigie wazazi, na juu ya hayo kila Ijumaa niliendelea kudai andalio la somo na shajara (daftari la kumbukumbu za masomo yaliyofundishwa), kana kwamba madarasa yalikuwa wazi. Nilidhani ninalinda nidhamu ya kazi. Walimu walichokisoma ni kwamba mkuu hajui kilichobadilika, na kwa kweli sikuwa ninajua. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa mpango wako utaje yale yatakayosimama skuli ikifungwa: azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, libaki kuwa mwongozo wa mada tu, andalio la kila siku lisimame, vikao virefu visimame. Wasilisha mapema kwa Afisa Elimu wa Wilaya ili usije ukaonekana umelegeza utaratibu kwa hiari yako. Kazi mpya ziingie ukurasa wa pili, nazo ziwe chache.

Kuhusu njia ya kuwafikia wanafunzi, usianze na simu za walimu. Anza na kilichomo majumbani. Wiki hii, skuli ikiwa wazi, kila mwalimu wa darasa aorodheshe nyumba zenye simu janja, zenye simu ya kitochi, zenye redio, na zisizo na chochote. Ni kazi ya siku mbili, na itakuonyesha kuwa kundi la WhatsApp peke yake lingewaacha nje watoto wengi. Redio si jambo geni kwetu: vipindi vya Tucheze Tujifunze vilitumika Unguja na Pemba kuwafundishia watoto wadogo miaka mingi kabla ya Korona, na Sierra Leone iliendesha masomo kwa redio wakati Ebola ilipofunga skuli zake hadi Aprili 2015. Ila redio haimwondoi mwalimu, inambadilishia kazi tu: kipindi kikimalizika anazipigia nyumba tano, anamwomba mtoto ajibu swali moja, basi. Hilo hata mwenye kitochi analiweza.

Nikuonyeshe lilivyofanyika kwa mwalimu mmoja wa hisabati tuliyekuwa naye, ambaye alikuwa miongoni mwa walionyamaza. Alikuja nyumbani kwangu na daftari la mistari, ndani yake maswali kumi ya sehemu kwa mwandiko wa kalamu ya wino, kila umbo limepigwa rula. Akaniambia, "Simu yangu ni ya kubofya, lakini mkono wangu upo." Siku iliyofuata mwalimu kijana anayeishi shehia moja naye alikwenda akaketi upande wa pili wa baraza, akazipiga picha zile kurasa, kisha akaiweka simu katikati yao na kumrekodi mzee akieleza swali la tatu polepole, majogoo wakiwika nyuma. Watoto waliisikia sauti wanayoijua. Nakala za karatasi tuliziacha duka la karibu, penye ndoo ya maji na sabuni, na mzazi alipochukua mpya alirudisha iliyojibiwa. Tangu hapo niliwapanga walimu wawili wawili kwa ukaribu wa makaazi, mmoja anatoa somo na mwingine anatoa chombo, na wote wawili majina yao yanaandikwa juu ya kazi. Hilo la majina usilidharau. Bila ya hilo mkongwe anageuka mwanafunzi wa kijana, na tunarudi kulekule.

Jingine ni habari. Mwaka 2020 tangazo la awali la Tanzania Bara lilitaja siku 30, lakini Kidato cha Sita walirudi tarehe 1 Juni na wengine tarehe 29 Juni. Viongozi tuliokuwa tumepanga mambo kwa mwezi mmoja tuliishiwa na la kusema, na penye ukimya wa mkuu uvumi haukosi. Jiwekee siku moja ya wiki, useme kwa ujumbe mfupi wa sauti lipi limeamuliwa, lipi halijaamuliwa, na lini utasema tena. Hata kama hakuna jipya, sema kwamba hakuna jipya. Iangalie na kalenda yetu: mwaka ule Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, skuli zikiwa zimefungwa, na mkuu anayedai ripoti saa kumi na mbili jioni, watu wakiandaa futari, anajipotezea heshima kwa jambo dogo.

Katika ufuatiliaji, badili swali. Ukiuliza "umetuma kazi ngapi?" utapata idadi nzuri na watoto wasiojibu. Uliza kazi ngapi zimerudi, na ni mtoto gani hujamsikia kwa wiki mbili. Majina hayo mpelekee sheha, kiongozi wa shehia, na kamati ya skuli, maana mtoto aliyepotea wakati wa kufungwa anaweza asirudi skuli itakapofunguliwa.

Sasa barua ya onyo. Haina nafasi katika mwezi wa kwanza. Mwalimu akinyamaza wiki nzima, mpigie wewe mwenyewe, usimwachie msaidizi wako, na usianze na kazi. Muulize nyumbani kukoje, kwa sababu anaweza kuwa na mgonjwa au hana fedha za bando. Kisha muulize ni kipi anachoweza kukifanya kwa alichonacho, mkubaliane jambo moja na siku yake. Akishapewa mwenza, akaondolewa kazi za zamani, akapigiwa mara mbili na bado hataki, hapo lizungumzeni ana kwa ana, na barua ifuate utaratibu wa utumishi kama ambavyo ingefuata skuli ikiwa wazi.