Usichanganye jiki na siki: nilifanya hivyo, mama mkwe akalazwa

Ndugu mleta mada, kabla ya salamu ninakuomba uiondoe siki hapo karibu na chupa ya jiki. Umeandika kwamba vitu vyote umeshavinunua na kwamba kesho asubuhi utachanganya vikombe viwili vya siki, kikombe kimoja cha jiki, maji ya malimao na kijiko cha magadi, upate dawa ya kusugulia choo na marumaru za bafuni. Kisha umeuliza uongeze nini ili inukie vizuri, na chupa moja uwauzie majirani kwa bei gani. Mchanganyiko huo ndio niliouandaa mimi mwaka 2021, nao ulimlaza mama mkwe wangu hospitalini kwa siku nne.

Tulikuwa tumepanga nyumba Dar es Salaam inayotumia maji ya kisima, na anayeyajua maji hayo ya chumvi anaujua ule utando mweupe unaoganda kwenye mabomba na marumaru. Siki peke yake iliuondoa vizuri sana. Kilichonishinda ni ukungu mweusi kwenye viungio vya marumaru, na ndipo nilipokutana na video ya dada mmoja aliyemimina siki na jiki katika beseni moja huku akieleza kwamba ukiviunganisha, kila kimoja kinamwongezea mwenzake nguvu. Niliamini, kwa sababu vyote viwili nilikuwa ninavitumia kila wiki bila madhara yoyote.

Jumamosi asubuhi niliimwagia siki sakafu na kuta za bafu lile, ambalo halikuwa na dirisha isipokuwa tundu dogo karibu na dari, kisha nikamimina jiki juu yake. Mwanzoni ilitoka harufu kama ya maji ya bwawa la kuogelea. Ilipozidi kuwa kali nilifurahi, nikidhani dawa imeanza kufanya kazi, nikaendelea kusugua hadi macho yakajaa machozi na koo likabana kana kwamba nimekabwa. Nikatoka mbio hadi uani, mlango wa bafu nikauacha wazi ili hewa ipite, na nikasimama pale nikikohoa na kujiona nimesalimika.

Sikumkumbuka mama. Yeye ana pumu, na kwa sababu ya joto alikuwa amejilaza kwenye mkeka katika korido, hatua chache kutoka mlango ule nilioufungua. Gesi iliyokuwa ikitoka ni klorini, ambayo ni nzito kuliko hewa takriban mara mbili na nusu, kwa hiyo haikupanda kwenda kwenye lile tundu la juu bali ilitambaa sakafuni ikamfikia mahali alipolala. Ni gesi ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikateremka katika mahandaki ya askari kwa sababu ya uzito huohuo. Nilipoingia tena ndani nilimkuta ameketi, mikono ameikita sakafuni, anavuta pumzi kwa mluzi na hawezi kusema.

Jirani alileta maziwa, nasi tukapoteza karibu dakika ishirini tukimbembeleza ayanywe. Maziwa hayasaidii kitu kwa gesi iliyokwisha kuingia mapafuni; mtu wa namna hiyo atolewe nje kwenye hewa safi, macho yaoshwe kwa maji mengi, avuliwe nguo zilizoloa dawa, na apelekwe hospitali mara moja. Mama aliwekewa oksijeni, na daktari hakukubali kumruhusu hata alipopata nafuu siku ya kwanza, akitueleza kwamba mapafu yaliyounguzwa na klorini yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Tulilipa shilingi 640,000, nyingine za kukopa. Mpaka leo, kabla hajaingia kwangu, mama husimama mlangoni kwanza na kuuliza kama nimepiga deki kwa jiki.

Yule dada wa video nilimwandikia nikamweleza yote. Aliyafuta maoni yangu na video akaiacha. Ninamlaumu kwa uchungu, kwa sababu kutojua kunasameheka, lakini yeye alikwisha kuambiwa. Namlaumu pia muuza duka aliyeniona nikinunua chupa hizo mbili, akaniambia kwamba wateja wake wote wanachanganya hivyo.

Jiki, kwa jina lolote lililoandikwa kwenye chupa, ni haipokloraiti ya sodiamu ndani ya maji, nayo imetulia kwa sababu imetengenezwa ikiwa na alkali. Asidi yoyote inauvunja utulivu huo na kuifungulia klorini, iwe ni siki, ndimu, limao au ile dawa ya choo ya asidi, ambayo ni kali zaidi ya siki. Usiitie spiriti, wala usiimimine kwenye choo chenye mkojo uliokaa, kwa kuwa amonia iliyomo hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Vuta maji kwanza. Jiki inachanganywa na maji ya baridi tu. Nimeyaandika maneno hayo kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila chupa inayoingia nyumbani kwangu, na ninakusihi nawe uyaandike leo.

Magadi na siki havitakuumiza, ila vinauana: povu lile linalopendeza machoni ni hewa ya kaboni tu, na likishatulia unabaki na maji yasiyo na nguvu ya kusafisha. Tumia magadi peke yake na maji ya moto kwenye mafuta ya jikoni, lakini si kwenye sufuria za alumini, kwa maana huzifanya ziwe nyeusi.

Kesho, basi, anza na siki kwenye utando mweupe, usugue, uisuuze kwa maji mengi, na uishie hapo. Kama sakafu yako ni ya teraso, siki isiiguse kabisa, kwani huila. Ukungu uuache hadi siku nyingine bafu likiwa limekauka; ikiwa chupa yako imeandikwa asilimia 3.5, tia kikombe kimoja katika vikombe sita vya maji, paka, subiri dakika kumi mlango na madirisha yakiwa wazi, kisha suuza, na kitakachobaki ukimwage siku hiyohiyo. Na kama kuna mtoto anayetambaa au mwenye pumu hapo nyumbani, mtoe nje kabla hujafungua kifuniko.