Maswali ya wasomaji: Grupu tunalo, vikao tunafanya, mbona utafiti hausogei?

SWALI: Mambo mhariri. Sisi ni timu tatu za watafiti, kila moja iko nchi yake, mradi ni mmoja. Grupu la WhatsApp lipo, folda ya pamoja ipo, kila wiki tunakutana kwa video ila kazi haiendi, yaani timu moja ikituma data zile nyingine zinakaa wiki nzima zinauliza hii safu ya jedwali maana yake nini, hiki kipimo mlichukuaje. Bosi anasema tununue programu ya kisasa zaidi ya kusimamia miradi. Itatusaidia kweli? – Mtafiti Aliyechoka

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Hapana, hiyo hela ishikeni kwanza. Hakuna programu itakayomfanya mtu aelewe safu ambayo aliyeijaza mwenyewe hakuieleza.

Miaka ya 1970 Thomas Allen wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alifuatilia mainjinia wanaongea na nani kazini, akakuta meza zikiachana makumi machache tu ya mita maongezi yanaporomoka vibaya, na hapo tunazungumzia watu wa sehemu moja ya kazi, sembuse nyie mlio nchi tatu. Imeli na video zilipokuja wengi wakadhani hilo limeisha. Mwaka 2000 Gary na Judith Olson, waliokuwa wamechunguza timu za mbali kwa miaka, wakaandika kwamba umbali bado una nguvu yake, na sababu zao nyingi hazikuwa za mitambo. Mbili naona zinawahusu nyie moja kwa moja. Kuna uelewa wa pamoja, yaani yale mambo ambayo watu wa maabara moja wanayajua bila kuambiana, na kuna jinsi kazi zenyewe zilivyofungamana. Kama kila hatua yangu inasubiri jibu lako, na wewe huko umelala, tumekwisha. Kama kila mmoja ana kipande anachoweza kukimaliza mwenyewe, tunaweza kuwa pande mbili za dunia na kazi ikaenda.

Kukosa uelewa wa pamoja kuna gharama jamani. Chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea Septemba 1999 kilipofika Mars, kisa programu ya kampuni iliyokitengeneza ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya pauni wakati timu iliyoongoza safari ilizichukua kama niutoni, kipimo cha nguvu cha mfumo wa metriki. Kikapita chini mno kwenye hewa ya sayari, basi. Pande zote zilikuwa na wataalamu wa maana, na simu zilikuwepo.

Sasa linganisha na ile picha ya kwanza ya shimo jeusi (kitu cha angani chenye mvuto mkali hata mwanga hautoki), la kwenye galaksi, yaani kundi kubwa la nyota, iitwayo M87. Aprili 2017 darubini nane za redio, kuanzia Hawaii na Chile mpaka Ncha ya Kusini, zilifanya kazi pamoja kama mtandao mmoja. Data ilikuwa nyingi kiasi kwamba haikutumwa kwa intaneti, diski zilisafirishwa kwa ndege, na za Ncha ya Kusini zilikaa huko miezi zikisubiri baridi ipungue ndege ziweze kuruka! Lakini hakuna aliyehitaji kumpigia mwenzake kumuuliza safu hii ni ya nini, kwa sababu saa za atomiki na namna ya kurekodi vilikuwa vimekubaliwa kabla. Baadaye kwenye kutengeneza picha wanasayansi wakagawanyika timu nne, wakakatazana kuambiana matokeo ili wasiambukizane mawazo, ndo wakalinganisha. Picha ikatoka tarehe 10 Aprili 2019. Hapo ukimya ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe, nadhani hilo wengi hatulifikirii.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Simamisheni kutuma data mpaka muwe na faili moja la maelezo ya kila safu: jina, kipimo, kifaa, nani alipima, na kisanduku kikiwa kitupu kinamaanisha sifuri au hakikupimwa kabisa (hapa ndo watu wanapigana sana, amini). Ikiwezekana hela ya programu imtume mtu mmoja wa kila timu akakae maabara ya wenzake siku kadhaa aone wanavyopima kwa macho yake, maana kuna vitu mtu havitaji kwenye video kwa sababu hajui kwamba ni vya kutajwa.

Na nani anaratibu? Hujasema, nahisi hakuna. Jonathon Cummings na Sara Kiesler waliangalia miradi 62 iliyofadhiliwa na NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, mwaka 2005 wakaripoti kwamba kadiri vyuo vinavyoongezeka kwenye mradi ndivyo uratibu unavyolegea na matunda yanavyopungua, ila pale watu waliposimamia uratibu kwa bidii na kukutana ana kwa ana hasara ilipungua. Uratibu ni kazi ya mtu, iwekwe kwenye bajeti, msimwachie mwanafunzi mdogo kuliko wote afanye usiku akimaliza ya kwake.

SWALI: Kila kikao chetu kwangu kinaangukia saa nane usiku, wenzangu kwao ni mchana. Nikilalamika naonekana sina moyo wa kazi. Nifanyeje dada mhariri? – Macho Mekundu

JIBU: Lalamika tu mdogo wangu. Pendekeza saa zizunguke, mwezi huu unaamka wewe mwezi ujao wanaamka wao, utaona vikao vyenyewe vinavyopungua ghafla. Na uamuzi wowote uandikwe sehemu ambayo aliyelala ataukuta asubuhi na ana haki ya kuupinga kabla haujafungwa, la sivyo wa saa nane usiku atakuwa anasaini tu walichoamua wengine.

SWALI: Tumekusanya sampuli sisi, maabara mshirika imezichambua, sasa wanagoma kutupa data na nasikia makala inaandikwa bila majina yetu. Tumechelewa? – Tumezungukwa

JIBU: Mmechelewa ila sio mwisho. Ulizeni kwa maandishi, kwa heshima, mkitaja tarehe na idadi ya sampuli mlizotuma, kisha nendeni kwa mfadhili maana wafadhili wengi wana masharti ya data. Mradi wa jenomu ya binadamu, yaani wa kusoma DNA yote ya mtu, ulijua mapema kwamba hapa ndipo watu wanagombana, kwa hiyo mwaka 1996 viongozi wake walikutana Bermuda wakakubaliana mfuatano wa DNA uwekwe wazi ndani ya saa 24, kabla ya makala yoyote. Majina nayo yasiwe tatizo la nafasi: mwaka 2015 timu za ATLAS na CMS za CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe ndogo za maada, zilitoa makala ya pamoja yenye waandishi 5,154, kurasa 24 kati ya 33 zikiwa ni majina na taasisi zao. Wakiwaambia orodha imejaa, watumieni hiyo.