Je, bawa la nyuma litaifanya gari yangu ishike barabara?

SWALI: Assalamu alaykum, mhandisi. Niko Wete, Pemba, na nina Toyota ndogo iliyotumika kutoka Japani. Nimeambiwa kuwa mabawa ya magari ya mashindano ndiyo yanayoyagandisha barabarani. Nikifunga bawa kama hilo juu ya buti, gari itashika vyema zaidi kwenye kona za njia ya Chake wakati wa masika?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Ulichoambiwa ni kweli kwa magari ya mashindano, lakini hakitaisaidia gari yako, na sababu yake ni mwendo. Bawa la gari ni kama la ndege lililopinduliwa: hewa ipitayo chini yake huenda kasi kuliko ile ya juu, shinikizo lake hupungua, na bawa huvutwa chini pamoja na gari. Mwenye ngalawa huliona jambo hilo kwenye tanga anapokwenda joshi.

Kani hiyo hufuata kipeo cha pili cha mwendo, yaani mwendo ukizidi mara mbili, kani huzidi mara nne. Tuchukue bawa la wastani lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 25. Kwa kilomita 50 kwa saa litakandamiza kwa uzito wa kilo 3.5 hivi, kwa kilomita 80, kilo 9, kwa kilomita 240, ambao kwenye viwanja vya mashindano ni mwendo wa kawaida, kilo 80. Gari yako ina uzito wa karibu tani moja, kwa hiyo kilo 9 hazifiki hata asilimia moja, na hapo nimehesabu hewa tulivu, ilhali ile inayoteremka kutoka kwenye paa hadi kwenye buti imekwishavurugika.

Isitoshe, bawa lililochomoza nyuma ya ekseli huongeza mzigo kwenye magurudumu ya nyuma na kuyapunguzia yale ya mbele, ambayo ndiyo yanayoigeuza gari. Kwa sababu hiyo magari ya Formula 1 huwa na bawa la mbele pia.

Tena, mabawa si chanzo pekee cha kani hiyo. Lotus 79, gari ya Formula 1 ambayo Mario Andretti aliiendesha akawa bingwa wa dunia mwaka 1978, ilikuwa na sakafu yenye umbo la bawa lililopinduliwa, na pembeni imezibwa hadi chini ili hewa ya nje isiingie. Mvuto wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kuanzia 1983 kanuni zililazimisha sakafu bapa, na sakafu yenye umbo la bawa ikaruhusiwa tena 2022. Lakini sakafu ya namna hiyo hufanya kazi ikikaribiana mno na lami, jambo lisilowezekana kwenye barabara zetu zenye matuta.

Kwenye lami yenye maji, kinachokushika ni tairi, na fedha ya bawa ningekusihi uipeleke huko. Kina cha kashata kikishuka chini ya milimita 3, uwezo wa kutoa maji hupungua sana, kwa hiyo usingoje ziwe upara. Ukinunua zilizotumika, soma ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu huwa gumu na huteleza hata kama kashata zake bado ni nzima.