Serikali haidhamini hisa zako

SWALI: Nafanya kazi kiwandani Montréal, Kanada. Anayenijazia fomu za kodi ananishauri ninunue hisa za Fonds de solidarité FTQ, mfuko wa uwekezaji wa wafanyakazi, za dola 5,000, nirudishiwe 1,500 kwenye kodi, halafu baada ya miaka miwili niuze nikamalizie nyumba yangu Kigoma. Anasema hasara haipo, maana serikali iko nyuma ya mfuko. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, hapo kweli ni hiyo 1,500 tu: asilimia 15 kutoka serikali kuu na 15 kutoka mkoa wako wa Quebec. Tena nafuu hiyo hupunguza kodi unayodaiwa. Asiyedaiwa kodi hapati kitu. Fedha zenyewe ni za uzeeni. Kabla ya kustaafu huzitoi ila kwa sababu chache zilizowekwa, kama kununua nyumba ya kwanza, na nyumba hiyo iwe Kanada. Kigoma haimo.

Kinachonichosha kila msimu wa kodi ni hayo maneno ya "serikali iko nyuma". Serikali humsaidia mnunuzi; hisa haizidhamini. Shirikisho la wafanyakazi la FTQ lilianzisha mfuko huu mwaka 1983, uchumi ukiwa umeanguka, ili kuokoa ajira. Kwa hiyo sheria inaulazimisha kuweka sehemu kubwa ya mtaji katika kampuni za Quebec, nyingi zikiwa ndogo, na baadhi hufa. Nafuu ya kodi ni malipo ya kukubali hatari hiyo na kufungiwa pesa. Waajiri nao husaidia kwa kukata michango kwenye mshahara, jambo zuri, lakini hisa ikishuka hawakufidii.

Kule mkoa wa Manitoba, mfuko wa Crocus nao ulikuwa na chama cha wafanyakazi na nafuu ya kodi. Desemba 2004 ulisimamisha uuzaji na ununuzi wa hisa, wanahisa zaidi ya 30,000 wakakwama, na mwaka uliofuata ukawekwa chini ya mfilisi. Mkoani Ontario baadhi ya vyama vya wafanyakazi vilikodisha majina yao tu kwa mameneja wa fedha walioendesha mifuko ya aina hii. Mwaka 2005 mkoa ukatangaza kufuta nafuu yake. Hata serikali kuu ilitangaza kuiondoa mwaka 2013, ikairejesha 2016.

Mfuko wa FTQ si utapeli. Kwa akiba ya uzeeni, nunua kidogo kidogo kupitia mshahara. Matapeli ni hawa wa msimu wa kodi, wanaouza hisa za kustaafu kama mchezo wa upatu, na wengine huthubutu kukwambia ukope benki ununue. Huyo mpe fomu ya mkopo, aweke sahihi pale pa mdhamini.