P2P tuiiteje, rika kwa rika au?

Swali: Mwalimu habari, nafundisha kompyuta kwa wanaoanza kabisa, nikifika kwenye P2P (peer-to-peer, kompyuta zinazopeana vitu zenyewe kwa zenyewe) huwa nasema "mtandao wa rika kwa rika" kama nilivyoikuta mahali, juzi mwanafunzi akaniuliza kwani kompyuta nazo zina umri? Darasa zima likacheka. Neno sahihi lipi?

Jibu: Usimkasirikie, kakushika pabaya ila ana haki. Rika ni waliozaliwa au walioingia jando pamoja, nadhani aliyetafsiri aliliokota kwa "waelimishaji rika" wa semina za ukimwi, kule kweli ni vijana kwa vijana. Kompyuta sasa, ile Pentium ya stoo na laptopu ya jana zinaunganishwa freshi tu, nani anaulizwa umri? Wengine wanasema "wenza", siyo mbaya, mgombea mwenza si tunaye, ila na mke mwenza yupo, waambie wanafunzi wako "wenza kwa wenza" uone akili zao zinakimbilia wapi.

Mimi ningeachana na nomino kabisa. Kwa Kiswahili mzigo huu anaubeba kitenzi, ule mkia wa -ana. Seva, ile kompyuta ya kuhudumia wengine, inakurushia faili, we unapokea basi. Mashine za P2P zinarushiana. Silabi moja tu imeongezeka na somo limeisha nusu, mbona vijana kila siku "turushiane nyimbo" simu kwa simu na hawajafundishwa na mtu. Kwa hiyo sema mtandao wa kurushiana.

Mfano wa darasani: lekcha kaacha notsi kwa jamaa wa fotokopi, wote foleni, mashine yake ikifa mmekwisha, hiyo ndo seva. Sasa kila mtu atoe kurasa tano tofauti halafu mkakae hosteli mnaazimana, hujamaliza hata kukusanya zako tayari na we unagawa, ndivyo BitTorrent, programu ya kugawana mafaili aliyoitunga Bram Cohen, inavyokata faili vipande tangu 2001, ndo maana faili lenye watu wengi linaweza kushuka haraka badala ya kukwama.

Na hapo -ana inakusaidia tena. Kwenye programu ya Napster ya 1999 watu walirushiana nyimbo wenyewe kwa wenyewe, lakini hawakuulizana, orodha ya nani ana wimbo gani ilikaa kwenye seva za kampuni, mahakama ya Marekani ilipoibana 2001 ikazima. Gnutella ya 2000, nayo ya kurushiana mafaili, mashine zinaulizana zenyewe, hakuna wa kumzimia swichi. Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, nayo mashine zake zinapashana habari za miamala, siyo nyimbo, kwa hiyo kitenzi badilisha kulingana na kazi, mkia uache.

Halafu kompyuta inayopokea toka kwa seva iite mteja, usije ukafupisha ukasema teja, mtaani huyo ni mtu wa unga na darasa litakucheka tena.