Maswali ya Wasomaji: Kijana Wangu Atapelekwa Jeshini kwa Lazima?

Barua nyingi za mwezi huu zina wasiwasi mmoja: eti jeshi la lazima linarudi. Tumechagua zile zenye jambo la kujibiwa na kuzifupisha.

Kuna sauti inayozunguka kwenye kundi letu la wazazi la WhatsApp. Inasema wote watakaomaliza KCSE, mtihani wa kidato cha nne, watapelekwa jeshini miezi sita kabla ya chuo, na kwamba amri imeshatoka. Nina kijana kidato cha nne. Nianze kujiandaa? – Mzazi, Umoja

Usijiandae, mama. Kenya haina utumishi wa jeshi wa lazima, wala haijawa nao tangu uhuru wa 1963. KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, huandikisha wanaojitokeza wenyewe.

Neno la kushika katika sauti hiyo ni "amri". Amri haitoshi. Kifungu cha 30 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kufanyishwa kazi kwa nguvu, na kwa Kifungu cha 94 mamlaka ya kutunga sheria ni ya Bunge. Kwa hiyo jambo kama hili lingelazimika kuanza na mswada uliochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, wenye namba na mwaka. Ungesomwa mara ya kwanza, kisha kamati ingetangaza kwamba inapokea maoni ya umma, jambo ambalo Kifungu cha 118 kinalidai. Ungefuata usomaji wa pili na wa tatu. Rais ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha Bungeni. Akitia saini, sheria huchapishwa ndani ya siku 7 na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe itaje tarehe nyingine. Safari hiyo haiwezi kufanyika kimyakimya. Aliyekutumia sauti mwulize swali moja: mswada namba ngapi, wa mwaka gani? Asipokuwa na jibu, hana habari.

Tena kuna hesabu ya vitanda. Watahiniwa wa KCSE sasa hupita 900,000 kwa mwaka. Hao wote wangelala wapi, na uji wao ungepikwa na nani?

Sasa uvumi huu unatoka wapi? – J., South C

Mara nyingi ni habari ya kweli ya nchi nyingine iliyokatwa jina la nchi. Lithuania ilirudisha jeshi la lazima 2015, Sweden ikaamua hivyo 2017, Latvia ikafuata 2023, na Bunge la Croatia likapiga kura ya kulirudisha 2025. Uingereza, Rishi Sunak aliahidi utumishi wa taifa kwa vijana wa miaka 18 katika kampeni za 2024, akashindwa uchaguzi, na ahadi ikaishia hapo. Video ikishatafsiriwa na kuwekewa picha ya gwaride la uwanja wa Nyayo, Nairobi, tayari imekuwa "habari ya Kenya".

Baba yangu anashikilia kwamba yeye alipelekwa kambini kwa lazima kabla ya chuo kikuu. Babu naye alikuwa akisema wazee wake walikamatwa wakapelekwa vitani. Wanatudanganya? – Kijana wa Kariobangi

Hawadanganyi, ila wanasimulia mambo mawili tofauti, na yote mawili si KDF.

Baba anasema ya kambi ya Gilgil. Kuanzia 1984 waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu vya umma walipitia kwanza mafunzo ya miezi mitatu katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, yaani NYS. Gwaride lilikuwepo, mbio za alfajiri zilikuwepo, lakini hawakuandikishwa kuwa wanajeshi. Mpango huo ulifutwa 1990. NYS yenyewe, iliyoanzishwa 1964, ipo hadi leo chini ya sheria ya 2018, na kujiunga nayo ni hiari. Uvumi wa sasa umeazima sura ya Gilgil, ndiyo maana wazazi wa umri fulani huuamini upesi.

Ya babu ni mazito zaidi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni ililazimisha wanaume wa Afrika Mashariki kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza lililopigana na Wajerumani, na 1917 ndipo msako ulipokuwa mkali kuliko wakati wote. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi hicho cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na hapo ndipo mtaa wa Kariokor, Nairobi, ulipopata jina. Ukipita Kenyatta Avenue jijini utaona sanamu za shaba zilizowekwa 1928 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi hao.

Mimi nataka kuingia kwa hiari yangu. Nitajuaje kwamba tangazo ni la kweli? – Mhitimu, Kayole

Tangazo la kweli hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi, likiwa na orodha ya vituo, kaunti ndogo kwa kaunti ndogo, na tarehe ya kila kimoja. Makadeti, yaani wanaofunzwa uofisa, na wenye taaluma hutuma maombi kwanza kwa mtandao. Kurutu wa kawaida hatumi chochote: hufika mwenyewe kituoni. Hakuna ada yoyote, si ya fomu, si ya daktari.

Matangazo ya miaka ya karibuni yametaja umri wa miaka 18 hadi 26, KCSE kuanzia alama ya D, kimo kisichopungua mita 1.60, na uzito wa kilo 54.55 kwa wanaume na 50 kwa wanawake. Soma la mwaka wako, kwa sababu masharti hubadilika. Beba kitambulisho asili na vyeti asili pamoja na nakala zake. Pima kimo nyumbani ukiwa miguu mitupu, usije ukahadaiwa na soli ya kiatu. Kituoni hukaguliwa karatasi, kimo, uzito, mbio, macho, meno na miguu. Wanawake hupimwa ujauzito. Wengi huwaza mbio tu na kusahau meno, na wengine hujidhuru kwa kushinda njaa au kunywa maji kupita kiasi ili mizani ikubali, kisha wakaishiwa nguvu mbioni.

Anayefaulu hupewa barua ya kuitwa pale pale kituoni. Barua inayokuja wiki mbili baadaye kwa simu, hata ikiwa na mhuri na nembo, ni ya bandia. Langoni pa kambi ya Eldoret majina hulinganishwa na orodha zilizotoka vituoni. Aliyeuziwa barua hukamatwa hapo hapo, begi mgongoni, huku aliyemuuzia yuko kwake ametulia.

Nilimtumia mtu pesa kwa M-Pesa "amsaidie" ndugu yangu kupata nafasi. Sasa hapatikani. – Sijui nianzie wapi, Kawangware

Kama ni leo, anza sasa hivi: tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe. Ikiwa mpokeaji ameshazitoa, ombi hilo halitafua dafu. Usifute ujumbe wala namba, na usimtumie "za mwisho" ili akurudishie za kwanza, maana huo ndio mtego wa pili.

Kuna ubaya ambao hatutakuficha, ndugu. Sheria ya Hongo ya 2016 humshika anayetoa pamoja na anayepokea, na kifungo chaweza kufika miaka 10. Ikiwa ulilipa ukiamini ni ada halali, sema hivyo. Ikiwa ulijua ni ya kupitia mlango wa nyuma, zungumza na wakili kabla ya kuandika taarifa polisi. Kisha ripoti, na ukitoka kituoni hakikisha una namba ya OB, yaani ya daftari la matukio.

Mwanangu ana green card, yuko Minnesota, ametimiza miaka 18. Ameletewa barua ya usajili wa jeshi. Wanampeleka vitani? – Mama mwenye hofu, Donholm

La, mama, lakini barua hiyo asiitupe. Marekani iliacha kuita watu jeshini kwa lazima 1973. Kilichobaki ni daftari liitwalo Selective Service, lililorudishwa 1980. Wanaume wa miaka 18 hadi 25 wanaoishi huko, wawe raia, wenye green card, wakimbizi au wasio na karatasi, wanatakiwa kuwa ndani yake. Mwanafunzi mwenye viza halali ya masomo hahusiki, ila viza ikiisha akabaki huko, anahusika.

Athibitishe jina lake kwenye sss.gov, bila malipo, na ahifadhi namba atakayopewa. Akihama nyumba, ana siku 10 za kutoa anwani mpya. Akitimiza miaka 26 bila kujisajili mlango umefungwa, na kwa miaka mitano inayofuata, akiomba uraia, ataulizwa kwa nini hakujisajili.

Mpwa wangu ni Mtanzania, anamaliza kidato cha sita Arusha. Huko ni lazima? – Shangazi, Kasarani

Huko ndiyo. JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria ilisitishwa 1994 ikarudi 2013. Ni miezi mitatu kwa wahitimu wa kidato cha sita waliopangiwa kambi, na majina hutolewa kwenye tovuti ya JKT shule kwa shule. Hubeba bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nyaraka za kuombea chuo, na nauli ya kwenda na kurudi. Akipangiwa Mafinga, mwongezee sweta. Mwenye ulemavu unaoonekana huelekezwa Ruvu, Mlandizi, ambako kuna miundombinu ya kumfaa.