Chipsi Kavu kwa Nje na Laini kwa Ndani: Ushauri kwa Anayeanza

Anayeanza kukaanga chipsi nyumbani hudhani kwamba siri iko kwenye mafuta, ilhali kazi yenyewe, kuanzia sokoni hadi sahanini, ni kupambana na maji. Sehemu kubwa ya uzito wa kiazi kibichi ni maji, na chipsi hulegea ama kwa sababu maji hayo hayakupewa nafasi ya kutoka, ama kwa sababu yalitoka yakawa mvuke, kisha mvuke huo ukarudi.

Kwa hiyo chagua viazi vilivyokomaa na vyenye wanga mwingi, ambavyo ganda lake halibanduki ukilisugua kwa kidole. Nchini Kenya wakaangaji wengi hutumia aina ya viazi iitwayo Shangi. Usivihifadhi kwenye friji, kwa kuwa katika baridi sehemu ya wanga hugeuka kuwa sukari, na chipsi hugeuka rangi na kuwa chungu kabla hazijaiva. Viazi vya kijani viache kabisa.

Kata vipande vya unene wa takriban sentimita 1 vinavyolingana, uvioshe mpaka maji yasiwe na weupe wa wanga, kisha uvikaushe kwa kitambaa safi. Wapo wanaovichemsha kwanza kwa moto mdogo katika maji yenye siki kidogo ili viive bila kupondeka. Njia hiyo ni nzuri kwa vipande vyembamba, ila kwa vinene naona kukaanga mara mbili kunatosha.

Hapo ndipo kiini cha kazi kilipo. Mara ya kwanza mafuta yawe na joto la nyuzi 150 za Selsiasi hivi, na chipsi zikae humo dakika 5 au 6, ziive ndani bila kupata rangi. Zitoe, zitandaze, uziache zipoe kwa nusu saa ili unyevu uliobaki ndani usambae na mvuke wa juu uondoke. Kisha zirudishe katika mafuta ya nyuzi 180 hadi 190 kwa dakika 2 au 3, na hapo tabaka la nje, ambalo tayari limepoteza maji mengi, litakauka na kupata rangi ya dhahabu. Ndivyo Wabelgiji wanavyokaanga, na wauza chipsi wengi wa mitaani kwetu, wanaozikaanga nusu mapema na kuzimalizia mteja akifika, wanafuata kanuni hiyohiyo, ingawa sababu yao hasa ni kuokoa muda.

Asiye na kipimajoto achovye ncha ya mwiko mkavu wa mbao: mapovu machache ya polepole yanafaa kwa mara ya kwanza, mengi ya haraka kwa mara ya pili. Usijaze karai, kwani viazi vingi kwa pamoja hupoza mafuta, na chipsi huyanywa badala ya kukauka.

Chumvi inyunyizwe mwishoni, chipsi zikiwa bado moto. Usizifunike, na zaidi ya yote usizitie kwenye hotipoti, hata kama wageni wamechelewa, maana mvuke ukikosa pa kutokea huzilainisha zote. Zilizolegea zirudishe kwenye mafuta ya moto kwa dakika moja, au zivunjie mayai upate chipsi mayai, ambamo ulaini wake hauharibu chochote.